Nchi Moja Ikishindwa Kulipa, Nani Hubeba Deni Katika Sarafu ya Pamoja?

Swali. Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu hapa Arusha. Nanunua Mang'ola, nasafirisha kupitia Namanga, nauza Nairobi, na wanunuzi wangu wengi hunilipa baada ya wiki mbili. Nasikia kwamba tutakuwa na sarafu moja ya Afrika Mashariki ifikapo mwaka 2031. Kwa biashara yangu nafurahi, maana nimechoka kupoteza hela kila ninapobadilisha. Lakini mume wangu ananikumbusha kwamba Ugiriki nayo ilikuwa katika sarafu moja na wenzake, ikazama kwenye madeni mpaka benki zikafungwa. Naomba kujua: nchi moja ikishindwa kulipa madeni yake ndani ya sarafu moja, serikali hufanya nini, na ni nani hasa anayelipa? Je, sisi Watanzania tutalipia madeni ya jirani?

Jibu. Marahaba, binti yangu. Mwambie mume wako kwamba hofu yake ina msingi, ingawa kilichotokea Ugiriki si kile ambacho watu wengi hukisimulia. Jibu fupi ni hili: kisheria kila nchi hubeba deni lake, lakini kivitendo nchi zenye sarafu moja hazijawahi kukaa pembeni na kumtazama mwenzao akizama, kwa kuwa maji hayo huwafikia wao pia. Humkopesha, humwekea masharti, kisha hugombana kwa miaka kuhusu nani abebe sehemu gani. Jibu hilo fupi linaweza kukupotosha kama nitaliacha hapo, kwa sababu ankara ya serikali siyo inayomfikia mfanyabiashara wa aina yako. Kinachomfikia ni benki. Kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa kirefu.

Nianze na jambo uliloliona kwa macho yako. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, wakopeshaji wa kimataifa walikuwa na wasiwasi kama Kenya ingeweza kulipa hati fungani, yaani hati ambayo serikali huiuza ili kukopa, ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni 2024. Shilingi ya Kenya ikaporomoka hadi kufikia takribani 160 kwa dola moja mwezi Januari. Mwezi Februari serikali ya Kenya ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba iliyokaribia asilimia 10, ikatumia fedha hizo kuanza kununua ile ya zamani, na hofu ikatulia kiasi kwamba baada ya wiki chache dola moja ikawa inapatikana kwa takribani shilingi 130. Fungua daftari lako la miezi hiyo. Gunia lililouzwa Desemba kwa shilingi za Kenya, likalipwa Januari, lilikuletea shilingi chache za Tanzania kuliko ulivyopiga hesabu siku ya kupakia. Hakuna serikali iliyokuandikia ankara, hakuna bunge lililopiga kura, wala hakuna aliyetangaza kwamba wauza vitunguu wa Arusha wachangie wasiwasi wa deni la Kenya. Na bado ulichangia.

Hivyo ndivyo nchi yenye sarafu yake inavyopunguza shinikizo la deni. Thamani ya sarafu inashuka, bidhaa za nje zinapanda bei, bidhaa za ndani zinakuwa rahisi kwa wageni, na kila anayeshika sarafu hiyo anatozwa kidogo bila kuulizwa. Mkulima wa vitunguu wa Kenya wakati ule alipata nafuu, kwa kuwa vitunguu vyako vilikuwa ghali machoni pa mnunuzi wa Nairobi. Maumivu yaligawanywa na soko, kimyakimya.

Sisi pia tumeipita njia hiyo, tena kwa ukali zaidi. Mwaka 1986, serikali ya Rais Mwinyi ilipofikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi yetu ilishushwa kutoka takribani 17 kwa dola hadi 40. Huku kwetu Moshi, kahawa ambayo nje huuzwa kwa dola ikaanza kuzaa shilingi nyingi zaidi, ingawa mkulima kihambani hakuziona zote na hakuziona mapema. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeishi jirani naye, ambaye mshahara wake ulikuwa wa shilingi na hakuwa na kahawa, aliona sabuni na mafuta ya taa vikipanda tu. Uamuzi mmoja wa serikali uliwatendea watu wawili wa kijiji kimoja mambo tofauti kabisa, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kidole mwenzake.

Sisemi kwamba kushusha thamani ya sarafu ni dawa nzuri. Deni la dola huwa zito zaidi sarafu inaposhuka, na Ghana, yenye sarafu yake ya cedi, ilifika Desemba 2022 ikiwa na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 50 na bado ikalazimika kusitisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Ninachosema ni kwamba chombo hicho kipo, na nchi inapoingia katika sarafu ya pamoja inakikabidhi.

Baada ya kukikabidhi, serikali inabaki katika hali gani? Mfano wa karibu ni Mamlaka ya Maji ya Tanga, ambayo mwaka 2024 iliuza hati fungani ya zaidi ya shilingi bilioni 53 ili kupanua huduma zake. Mamlaka ile inadaiwa shilingi, lakini haiwezi kuchapisha shilingi hata moja; ni lazima izipate kwa wateja wake. Ikikwama, haiwezi kuiambia Benki Kuu ishushe thamani ya shilingi kwa ajili ya Tanga. Serikali ya Ugiriki mbele ya yuro ilikuwa hivyo hivyo: ilikuwa na bendera, bunge na jeshi, lakini kwa upande wa fedha ilikopa kwa sarafu ambayo mtambo wake wa kuichapisha uliongozwa na watu wengine. Tofauti ni kwamba Tanga ina serikali ya Tanzania nyuma yake, yenye hazina moja na bajeti moja, ilhali nyuma ya Ugiriki kulikuwa na nchi nyingine zenye mabunge yao na wapiga kura wao.

Ugiriki iliingia katika yuro mwaka 2001. Kwa miaka kadhaa wakopeshaji waliikopesha kwa riba iliyokaribiana na ile ya Ujerumani, kana kwamba kushiriki sarafu ni kushiriki pia uwezo wa kulipa. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 uliweka viwango: nakisi ya bajeti, yaani matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni lisizidi asilimia 60. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu ulishindwa kukata wakubwa mapema kabisa, kwani Ujerumani na Ufaransa zilivuka ile asilimia 3 na mwaka 2003 zikaepuka adhabu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumkemea mdogo. Mwezi Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilitangaza kwamba nakisi ilikuwa kubwa kuliko ilivyoelezwa, na hesabu zilipokamilika nakisi ya mwaka ule ilionekana kuwa zaidi ya asilimia 15, huku deni likikaribia asilimia 127 ya pato la taifa.

Hapo ndipo swali lako lilipoulizwa kwa mara ya kwanza kwa uzito. Mkataba wa Umoja wa Ulaya ulikuwa na kifungu kinachosema nchi moja haitawajibika kwa madeni ya nyingine, na kingine kinachokataza Benki Kuu ya Ulaya kuzikopesha serikali moja kwa moja. Vilikuwa vifungu vilivyoandikwa kwa lugha iliyonyooka. Hata hivyo, mwezi Mei 2010 nchi za yuro pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa ziliikubalia Ugiriki mkopo wa yuro bilioni 110. Walipata njia ya kuheshimu maandishi: hawakulipa deni la Ugiriki, waliikopesha ili ilipe yenyewe. Na kwa nini waliikopesha? Huruma ilikuwepo, pengine, lakini sababu nzito ilikuwa kwamba hati fungani za Ugiriki zilijaa katika benki za Ufaransa, Ujerumani na kwingineko, na kama zingegeuka karatasi tupu katika mwaka ule ambao benki zilikuwa bado hazijapona msukosuko wa fedha duniani wa 2008, nchi zilizokopesha zingelazimika kuokoa benki zao wenyewe. Sehemu kubwa ya fedha zilizoingia Athens ilitoka tena kwenda kuwalipa wadai. Mlipakodi wa Ujerumani alidhani anamsaidia Mgiriki. Mgiriki aliona masharti bila kuiona fedha. Na wote wawili walikuwa na sababu ya kukasirika.

Masharti yenyewe ndiyo yanayoitwa kubana matumizi: kupunguza mishahara ya watumishi wa umma na pensheni, kupandisha kodi, kuuza mali za serikali. Mantiki yake ni kwamba nchi ambayo haiwezi kushusha thamani ya sarafu ishushe mishahara na bei moja kwa moja, ili bidhaa zake ziuzike tena. Inawezekana, lakini ni kazi ya polepole na yenye ukatili, kwa sababu mshahara unashuka na deni halishuki. Chukua hesabu ya mfano tu. Nchi yenye pato la 100 na deni la 130 inadaiwa asilimia 130. Ikibana matumizi mpaka pato likashuka hadi 75, deni likiwa lile lile 130, sasa inadaiwa zaidi ya asilimia 173, na hapo haijakopa hata senti moja zaidi. Uchumi wa Ugiriki ulisinyaa kwa takribani robo, na mwaka 2013 zaidi ya asilimia 27 ya watu waliotaka kazi hawakuwa nayo. Kwa maoni yangu kosa kubwa la mwaka 2010 halikuwa kukopesha. Lilikuwa kukataa kukiri kwamba deni lile halilipiki na kwamba wadai walipaswa kupoteza kitu tangu siku ya kwanza.

Walikiri miaka miwili baadaye. Mwezi Machi 2012 wadai binafsi walikubali, kwa kusukumwa, kupoteza asilimia 53.5 ya thamani iliyoandikwa kwenye hati fungani zao. Kuchelewa huko kulikuwa na gharama, kwa kuwa benki nyingi kubwa za nje zilikuwa zimepata muda wa kupunguza hati hizo, na waliobaki nazo walikuwa hasa benki za Ugiriki zenyewe, mifuko yake ya pensheni, na benki za jirani mmoja mdogo: kisiwa cha Kupro.

Tukae Kupro kidogo, maana jibu lako liko huko. Kupro ilikuwa na benki kubwa mno kwa ukubwa wake, na benki hizo zilikuwa zimeikopesha serikali ya Ugiriki na wafanyabiashara wa Ugiriki. Hati fungani zilipokatwa, benki hizo zikabaki na shimo ambalo serikali ya Kupro haikuweza kulifukia. Mwezi Machi 2013 nchi hiyo ikapewa mkopo wa yuro bilioni 10, lakini safari hii wakopeshaji walidai kwamba wenye benki na wenye amana kubwa wachangie. Benki moja kubwa ilifungwa. Katika nyingine, kubwa kuliko zote, kila mwenye amana iliyozidi yuro 100,000 aliona asilimia 47.5 ya kile kilichozidi ikigeuzwa kuwa hisa za benki iliyokuwa imeanguka. Mtu aliyeuza nyumba yake wiki iliyotangulia, akaweka fedha benki akisubiri kununua nyingine, aliingia humo humo. Hakuwa ameikopesha Ugiriki. Benki yake ndiyo ilikuwa imeikopesha.

Unaona basi jinsi deni la serikali moja linavyovuka mpaka bila pasipoti. Kwa kweli hupita pande zote mbili. Ayalandi ilikuwa na deni la serikali la takribani asilimia 25 tu ya pato la taifa mwaka 2007, mtoto mwema kabisa darasani. Benki zake zilipolemewa na mikopo ya majengo, serikali ikadhamini madeni yao mwaka 2008, na kufikia Novemba 2010 ilikuwa inahitaji mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 85. Pale serikali haikuziangusha benki. Benki ndizo zilizoiangusha serikali. Hispania nayo haikuwa imevuka kiwango chochote cha Maastricht kabla ya msukosuko.

Sasa tuje kwa mwenye mtambo wa fedha, yaani benki kuu ya pamoja. Hapa kuna tofauti ambayo wewe unaijua vizuri kuliko wanasiasa wengi. Kuna mfanyabiashara aliyekwama kwa sababu mzigo wake uko njiani, lori limezuiwa mpakani, na fedha zitaingia kesho kutwa. Na kuna yule aliyekwama kwa sababu mzigo umeoza. Wa kwanza amekosa ukwasi, na akikopeshwa kwa siku mbili atalipa. Wa pili amefilisika, na kumkopesha ni kuongeza hasara. Ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha, kwani wote wawili hawana fedha mkononi, na ukimkatalia yule wa kwanza mzigo wake nao utaoza hapo mpakani akiutazama. Mwaka 2012 Hispania na Italia zilifanana zaidi na mfanyabiashara wa kwanza: wakopeshaji waliogopa, riba ikapanda, na kupanda kwa riba kukaifanya hofu ionekane kuwa kweli. Tarehe 26 Julai mwaka huo, Mario Draghi, aliyeongoza Benki Kuu ya Ulaya, alisema mjini London kwamba benki yake ingefanya chochote kinachohitajika kuilinda yuro. Mwezi Septemba ukatangazwa mpango wa kununua hati fungani za nchi zitakazokubali masharti. Riba zikashuka, na mpango wenyewe haukutumika hata mara moja. Mkopeshaji alipojua kwamba yuko mnunuzi wa mwisho asiyeishiwa fedha, aliacha kukimbia.

Lakini mkono ule ule unaotuliza unaweza pia kubana, na ndilo alilolikumbuka mume wako. Mwezi Juni 2015, serikali mpya ya Ugiriki ilipokuwa ikivutana na wadai, ikatangaza kura ya maoni kuhusu masharti yao. Wananchi walikuwa wakitoa amana zao kwa miezi kadhaa, na benki za Ugiriki ziliendelea kuishi kwa mkopo wa dharura ulioruhusiwa na Benki Kuu ya Ulaya. Mwisho wa mwezi ule Benki Kuu ikakataa kuongeza kiwango cha mkopo huo. Benki zikafungwa, na kila mwenye kadi akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Foleni zilijipanga mbele ya mashine za fedha, na katika mashine nyingi noti za yuro 20 ziliisha, hivyo mtu aliyefuata 60 aliondoka na noti moja ya 50. Aliyekuwa anaagiza dawa au vipuri kutoka nje alilazimika kuomba kibali ili fedha zake zivuke mpaka. Tarehe 5 Julai zaidi ya asilimia 61 ya wapiga kura walikataa masharti. Wiki moja baadaye serikali yao ikakubali masharti yanayofanana na yale, na mwezi Agosti ukaidhinishwa mkopo wa tatu wa hadi yuro bilioni 86.

Watu hutafsiri kisa hicho kama kushindwa kwa Wagiriki au kama ubabe wa Wajerumani. Mimi huona jambo jingine. Kwa wiki zile, yuro iliyokuwa katika benki ya Athens haikuwa sawa na yuro iliyokuwa katika benki ya Frankfurt, ingawa noti zilifanana. Moja ungeweza kuipeleka popote, nyingine haikutoka. Sarafu ilikuwa ya pamoja, ila kila benki iliegemea serikali yake, na serikali ilipoyumba benki ziliyumba nayo. Ulaya tangu hapo imejenga mengi: mfuko wa kudumu wa uokoaji ulioanza kazi Oktoba 2012 huko Luxembourg, wenye uwezo wa kukopesha hadi yuro bilioni 500, na tangu mwaka 2014 usimamizi wa pamoja wa benki kubwa. Bima ya pamoja ya amana bado haijakamilika, na sishangai, kwa kuwa hapo ndipo mwenye akiba wa nchi moja anapoombwa kusimama nyuma ya benki ya nchi nyingine.

Afrika nayo ina uzoefu wake, mrefu kuliko wa yuro. Nchi za Afrika Magharibi na ya Kati zinazotumia sarafu ya pamoja iitwayo faranga ya CFA zilikaa tangu mwaka 1948 na kiwango kimoja kisichobadilika dhidi ya faranga ya Ufaransa, hadi Januari 1994 ambapo viongozi walikutana Dakar na kukubali kuishusha kwa nusu, kutoka 50 hadi 100 kwa faranga moja ya Ufaransa. Ndugu zetu wa Komori, wenye faranga yao, walishuka pia lakini kidogo zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba nchi zote zilishuka siku moja, zenye shida kubwa na zenye shida ndogo. Sarafu ya pamoja haizuii kushushwa thamani. Inazuia mmoja kushuka peke yake.

Na kuna Senegal ya juzi. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2024 ilitangaza kwamba iliyoitangulia ilificha sehemu ya madeni, na ripoti ya mahakama ya ukaguzi wa hesabu ya Februari 2025 ikaonyesha kwamba deni la mwisho wa mwaka 2023 lilikuwa karibu sawa na pato lote la taifa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mpango wake wa mkopo. Senegal, iliyo katika faranga ya CFA, haina sarafu yake ya kushusha, kwa hiyo imeegemea soko la fedha la ukanda wake, ambako wanunuzi wa hati zake ni pamoja na benki za nchi wenzake. Ukiyaweka hayo kando ya Ugiriki ya 2009 na Kupro ya 2013, utaelewa kwa nini wachumi wa Abidjan, Ivory Coast, wenye sarafu hiyo hiyo, wanalifuatilia jambo hilo kwa makini kama walivyo wa Dakar.

Turudi nyumbani. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga sarafu moja mwaka 2024, na lengo likasogezwa hadi 2031. Nchi wanachama zinatakiwa kwanza kutimiza viwango: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti pamoja na misaada isizidi asilimia 3, deni kwa thamani yake ya sasa (yaani malipo yake ya baadaye yakihesabiwa kwa fedha ya leo) lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa, na akiba ya fedha za kigeni itosheleze miezi 4.5 ya uagizaji bidhaa. Vikao vinavyohusu viwango hivi vimefanyika mara nyingi hapa Arusha, na viwango vyenyewe si vibaya. Lakini kwa yale niliyokueleza, nisingelala usingizi kwa sababu ya viwango peke yake. Ayalandi na Hispania zilivitimiza vya kwao na bado zikaanguka, na Ugiriki ilionekana kuvikaribia kwa sababu hesabu zake hazikuwa za kweli. Ningetaka kujua kwanza nani atakagua takwimu za nchi mwanachama akiwa na mamlaka ya kuingia katika vitabu vyake bila kuomba ruhusa. Na kama benki inayofanya kazi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam itasimamiwa na mtu mmoja au na watatu wanaofichana habari.

Historia yetu inanifanya nisiwe na haraka. Tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Bodi ya Sarafu, na mwaka 1966 kila nchi ikaanzisha benki kuu yake, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba kila serikali ilitaka chombo cha kugharamia mipango yake. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, ndege, reli, posta na madeni yake vilibaki bila mwenyewe, na kugawana ilichukua miaka saba na mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, mpaka mkataba ukasainiwa hapa hapa Arusha mwezi Mei 1984. Hapo hatukuwa hata na sarafu ya kugawana. Nchi tatu ambazo watumishi wao walikuwa wakifanya kazi ofisi moja zilihitaji miaka saba kukubaliana nani anadaiwa nini. Sasa wanachama wa Jumuiya ni wanane.

Kwa hiyo, je, mtalipia madeni ya jirani? Hamtaletewa ankara yenye jina la jirani. Ila serikali yenu inaweza kuombwa kuchangia mkopo wa kumwokoa, na mkopo huo ukikosa kulipwa ni wa mlipakodi. Benki mnayoweka akiba inaweza kuwa imenunua hati zake. Na benki kuu ya pamoja inaweza kuchagua kumwokoa kwa fedha inayopunguza thamani ya kila noti iliyo mfukoni mwenu. Vivyo hivyo jirani naye atakuwa amejiweka rehani kwa madeni yetu, jambo ambalo huwa tunasahau kulitaja tunapolalamika.

Kwa biashara yako hasa, faida unayoitarajia ni ya kweli: ile tofauti unayoacha kwa wabadilisha fedha kila unaporudi na shilingi za Kenya itakwisha, na mshtuko wa aina ya Januari 2024 hautatokea tena kati ya Arusha na Nairobi kwa sura ile. Shinikizo lile lingetafuta mlango mwingine, kwa kodi mpya, mishahara iliyopunguzwa au benki iliyofunga madirisha, na lingemfikia mnunuzi wako kabla halijakufikia wewe. Leo, unapomkopesha kwa wiki mbili, unauliza kiwango cha kubadilishia kitakuwaje siku ya malipo. Chini ya sarafu moja utauliza anaweka fedha zake benki gani, na benki hiyo imeikopesha serikali kiasi gani. Habari hizo zimo katika hesabu ambazo benki hulazimika kuzichapisha magazetini kila robo mwaka, kwenye mstari wa dhamana za serikali, yaani hati fungani na hati nyingine za serikali ambazo benki imezinunua. Ukiona mstari huo unakua haraka kuliko mikopo kwa wafanyabiashara huku riba ya serikali ikipanda, zile wiki mbili zipunguze ziwe siku tatu, na lori la pili lisitoke Mang'ola kabla la kwanza halijalipwa.